Imejaa

Saa moja na robo navua koti la lindo,
tochi naiweka juu ya kabati asikoifikia,
namnawisha Anande uso kwa maji ya jana,
tunashuka Pasua: mimi na usingizi wangu,
yeye na kiatu kimoja mkononi.

Mama yake yuko Kiborloni tangu alfajiri,
anafungua robota la mitumba.
Ndiyo maana baba pale ni mimi peke yangu,
baba mwenye buti, chumba cha nyuma ya kanisa,
kati ya akina mama kumi na mmoja
na bibi mmoja, Mama Ndelilio,
ambaye kila siku ananiuliza kama nimepotea njia.

Mkeka. Mchanga uliochekechwa, ndoo mbili.
Masufuria yasiyo na mifuniko,
mabunzi ya mahindi yaliyovishwa vitambaa yakawa watu,
na beseni la bluu lenye ufa uliozibwa kwa nta.
Siku ya kwanza nilijisemea moyoni:
elfu moja kwa wiki, kwa hili?
Kwani mchanga nyumbani haupo?

Miaka miwili ilitimia, Anande hana neno.
Alinyoosha kidole, sisi tukakimbia.
Shangazi wa Machame alileta asali.
Jirani akasema, mtoto wa mlinzi huyo,
amejifunza kunyamaza.
Nilicheka.
Usiku, getini, sikucheka.

Dada Sifaeli hakuuliza habari za ulimi.
Alikaa chini, miguu kainyoosha kama mwenzao,
akamsogezea beseni na kikombe.
Alisema machache, tena polepole,
kama mtu anayehesabu chenji:
"Unamimina. Unamimina tena.
Eeh. Imemwagika."
Wala hakukimbilia kitambaa.

Kisha Abuu, mtoto wa fundi baiskeli,
akamnyang'anya kikombe.
Nikainuka. Mlinzi ni mlinzi.
Mama Ndelilio akanivuta pindo la koti:
"Kaa. Hiyo kesi yao."
Walivutana. Walilia wote wawili, kwa sauti moja,
hata wa tatu, asiyehusika, akajiunga.
Halafu Abuu akaondoka, akazunguka ndoo,
akarudi na kopo la siagi, kubwa kuliko kikombe,
akampa.
Hakuna aliyemtuma.
Sisi wakubwa tungeshafika kwa balozi wa nyumba kumi.

Juni ikaingia na baridi yake,
wingu likaukalia mlima wiki nzima.
Anande alimimina.
Kutoka kopo kwenda kikombe, maji yakazidi.
Kutoka kikombe kwenda kopo, yakapungukia.
Alitazama ndani ya kopo muda mrefu,
kama mimi ninavyotazama mshahara,
akarudia.
Wenzake waliimba wimbo wa vidole;
yeye midomo imefungwa,
lakini kidole gumba kilisimama kwa wakati wake.
Nilikiona. Sikumwambia mtu.

Jumapili, mezani, nilikuwa nammiminia mama yake chai,
jicho moja limelala.
Mkono mdogo, wenye unyevu wa ndizi,
ukanishika kifundo.
"Imejaa."

Si baba. Si mama. Si hata maji.
Chai imefika ukingoni kabisa, imevimba juu,
tone moja lingeimwaga,
na birika limesimama hewani,
na mama yake kaziba mdomo kwa kanga,
na mimi sijui niweke wapi birika,
na yeye ameshaturudia ndizi yake
kama mtu aliyemaliza kazi.

Jumatatu nikamweleza Dada Sifaeli.
Akasema, "Eeh,"
akaendelea kupanga makopo, dogo ndani ya kubwa,
ila alipanga moja mara mbili.
Mama Ndelilio akaniuliza kama nimepotea njia.

Nikafungua kamba za buti.
Soksi ina tundu, basi.
Nikakaa mkekani, magoti yakalia.
Abuu akanijia, akanichunguza,
akanikabidhi kikombe kitupu,
akasimama pale
akisubiri.